NG'OMBE BUBU ALIYEWAFAFANUA MALAIKA
Maisha ya Thomas wa Aquino

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Ukisikia neno malaika, ni picha gani inayokujia akilini? Wengi wetu tutasema ni mtoto mnene mwenye mabawa meupe, kama wale wa kadi za Krismasi. Wengine watamkumbuka mpenzi anayeimbiwa redioni. Hata vile vinyweleo laini vya mkononi Kiswahili chetu huviita malaika! Lakini je, wajua kwamba katika mapokeo ya Kikristo malaika si kundi moja tu lililochanganyika kama watu siku ya soko? Wana safu tisa, na kila safu ina jina na kazi yake. Na katika waliozieleza safu hizo kwa makini sana, mmoja alikuwa mwanafunzi aliyekuwa kimya darasani hata wenzake wakamcheka na kumbandika jina la ng'ombe bubu.

Huyo ndiye Thomas wa Aquino, na ndiye niliyeamua kuwaletea katika jarida letu mwaka huu. Usiseme eti haya ni ya Wakatoliki peke yao. Wenzetu Waislamu nao wanawajua Jibrili na Mikaili, na Thomas mwenyewe alivisoma kwa bidii vitabu vya wanafalsafa Waislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd. Basi tega sikio, kila mmoja ataondoka na chake.

KUZALIWA NA MALEZI

Thomas alizaliwa mnamo mwaka wa 1225 hivi katika ngome ya Roccasecca, iliyo kati ya Roma na Napoli katika nchi tunayoiita leo Italia. Siku hizo sehemu hiyo ilikuwa chini ya Ufalme wa Sicilia, na mtawala wake alikuwa Kaisari Frederick wa Pili. Babake, Landolfo, alikuwa kabaila mwenye ardhi na askari. Mamake aliitwa Theodora, mwanamke ambaye hakupenda kupingwa, kama tutakavyoona punde si punde.

Thomas alikuwa wa mwisho miongoni mwa wavulana. Kulingana na desturi ya makabaila wa enzi hizo, kaka wakubwa walishika upanga naye mdogo akatolewa kwa Kanisa. Akiwa na umri wa miaka 5 hivi alipelekwa kulelewa katika monasteri ya Monte Cassino, ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Usidhani wazazi wake walikuwa wakimtupa. La hasha! Monasteri hiyo ilikuwa na mashamba na heshima kubwa, na walitumaini kwamba siku moja kijana wao angekuwa abati wake, yaani mkubwa wa watawa wote pale. Cheo hicho kingeipa familia nguvu.

Lakini mipango ya mja si mipango ya Mungu. Mnamo mwaka wa 1239 Kaisari na Papa walikuwa wamekosana vibaya, na askari wa Kaisari wakaingia Monte Cassino. Thomas akahamishiwa Chuo Kikuu cha Napoli, kilichoanzishwa mwaka wa 1224. Huko mambo mawili yaliyageuza maisha yake. Kwanza, alikutana na vitabu vya Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kiyunani. Pili, alikutana na Wadominiko, watawa wahubiri wasiomiliki mali, waliotembea kwa miguu na kuomba mkate barabarani.

KUTEKWA NA NDUGU ZAKE

Mwaka wa 1244, akiwa kijana wa miaka 19 hivi, Thomas alilivaa vazi la Wadominiko. Habari zilipofika nyumbani, pakawa hapatoshi! Mwana wa kabaila awe ombaomba? Abati mtarajiwa atembee na bakuli? Mama Theodora hakukubali hata kidogo. Wadominiko, kwa kujua moto unakuja, wakamtoa kijana Napoli ili apelekwe mbali. Mama naye akawatumia ujumbe wanawe waliokuwa katika jeshi la Kaisari. Wakamvizia ndugu yao njiani kaskazini mwa Roma, wakamkamata na kumrudisha nyumbani kwa nguvu.

Alizuiliwa katika ngome za familia kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Hakupigana wala hakutukana. Alisoma Biblia, akaomba, akangoja. Masimulizi ya kale yanasema kwamba ndugu zake walimwingizia chumbani msichana mrembo ili amsahaulishe utawa. Thomas alichomoa kinga cha moto mekoni, akamfukuza nacho. Kisha, yanaendelea masimulizi hayo, alilala na katika usingizi malaika wawili wakamfunga mshipi kiunoni kuwa ishara ya usafi wa moyo. Ukiamini au usiamini, hapo ndipo malaika wanapotokea kwa mara ya kwanza katika hadithi ya maisha yake.

Mwishowe familia ilichoka kabla yake. Mwaka wa 1245 aliachiliwa, akaenda zake kwa Wadominiko.

NG'OMBE BUBU DARASANI

Alipelekwa Paris, na mwaka wa 1248 akafuatana na mwalimu wake Albert hadi mji wa Köln, Ujerumani. Albert alikuwa bingwa wa elimu za kila aina: mimea, wanyama, madini, falsafa, teolojia. Darasa lilijaa vijana wenye ndimi nyepesi. Thomas alikuwa mkubwa wa mwili, mnene, mpole na mzito wa kusema. Wenzake wakadhani kichwani hamna kitu. Ndipo wakamwita ng'ombe bubu. Mmoja wao, husimuliwa, hata alimhurumia akajitolea kumfundisha masomo. Alipokwama katikati ya somo, yule bubu ndiye aliyemfafanulia vizuri kuliko mwalimu. Kumbe!

Albert hakudanganyika. Baada ya kuyasikia majibu ya Thomas katika mjadala mgumu, aliwaambia wanafunzi kwamba huyo wanayemwita ng'ombe bubu siku moja atalia, na mlio wake utasikika ulimwenguni kote. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usione simba amenyeshewa ukadhani ni paka.

Mwaka wa 1252 Thomas alirudi Paris kufundisha, na mwaka wa 1256 akafanywa mwalimu kamili wa teolojia. Alikuwa na miaka 31 hivi, ilhali sheria ya chuo ilitaka miaka 35, kwa hivyo ilibidi apewe ruhusa maalumu. Nayo haikuwa kazi ya starehe. Baadhi ya walimu wa chuo hawakuwataka watawa ombaomba kabisa, na uhasama ulipozidi, Mfalme Louis wa Tisa alilazimika kutuma wapiga mishale wake kuilinda nyumba ya Wadominiko.

Kuna visa vya kuchekesha pia. Mwandiko wake, jamani, ulikuwa mbaya hata wataalamu wa leo huumia macho kuusoma! (Wenye mwandiko wa kuku, msifurahi sana, yeye alikuwa na makarani wa kumwandikia.) Tena husimuliwa kwamba siku moja alialikwa mezani kwa Mfalme Louis. Wengine wanakula na kuongea, yeye amezama mawazoni. Ghafla akaipiga meza ngumi: amepata jibu la hoja iliyokuwa ikimsumbua! Watu wakashtuka, lakini mfalme, badala ya kukasirika, akaagiza karani aje aliandike jibu lile kabla halijapotea.

SAFU TISA ZA MALAIKA

Mnamo mwaka wa 1265 au 1266, akiwa Roma, Thomas alianza kuandika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Cha ajabu ni kwamba alikikusudia kwa wanafunzi wanaoanza. Kila anapouliza swali, kwanza huzipanga hoja za wanaompinga, tena kwa heshima, halafu ndipo hutoa jibu lake. Sehemu ya kwanza ina maswali 119. Maswali 15 mfululizo, kuanzia la 50 hadi la 64, ni ya malaika tu, na katika swali la 108 anazifafanua safu zao.

Safu hizo hakuzitunga yeye. Majina yametawanyika katika Biblia: maserafi katika Isaya, makerubi katika Mwanzo na Ezekieli, na mengineyo katika barua za Paulo kwa Waefeso na Wakolosai. Aliyeyakusanya na kuyapanga tisa, matatu matatu, alikuwa mwandishi aliyejiita Dionisio. Wakati wa Thomas kila mtu aliamini kwamba huyo ndiye yule Dionisio aliyeongoka alipomsikia Paulo kule Athene. Leo wataalamu wanajua kwamba vitabu vile viliandikwa karibu na mwaka wa 500, na jina la kweli la mwandishi halijulikani. Thomas hakuyajua hayo. Naye Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka wa 590 hadi 604, alikuwa na orodha yake iliyotofautiana kidogo. Thomas alizipima zote mbili akaonyesha kwamba kila moja ina maana yake.

Orodha ya Dionisio, kama Thomas alivyoieleza, ni hii:

Kundi la kwanza ni la walio karibu kabisa na Mungu. Hapa kuna Maserafi, ambao jina lao ni la kuwaka moto, nao ni moto wa upendo. Wanafuatwa na Makerubi, waliojaa maarifa. Kisha Viti vya Enzi, ambao Mungu hutekeleza hukumu zake kupitia kwao.

Kundi la pili ni la wapangaji. Usultani huamuru litakalofanywa. Nguvu huwapa watendaji uwezo wa kulitimiza. Mamlaka hupanga jinsi litakavyotekelezwa.

Kundi la tatu ni la watendaji wenyewe. Falme hutangulia na kuongoza wengine, kama mwimbishaji anavyoongoza kwaya au jemadari vita. Malaika Wakuu hupeleka habari kubwa, kama Gabrieli alivyotumwa kwa Maria. Na wa tisa ni Malaika wa kawaida, wanaopeleka habari ndogo ndogo na kumlinda kila mtu.

Thomas alifundisha kwamba malaika hawana miili. Kwa sababu hiyo, alisema, hawawezi kuwa wengi wa aina moja kama sisi binadamu; kila malaika ni aina yake peke yake. Ni kana kwamba dunia ingekuwa na simba mmoja tu, kongoni mmoja tu, na kadhalika, lakini wasiohesabika.

Labda umewahi kusikia mzaha kwamba watu wa zama zile walipoteza wakati wakijadili ni malaika wangapi wanaoweza kucheza juu ya ncha ya sindano. Ukisikia hivyo tena, mkatize mwenzako. Katika vitabu vya Thomas hakuna swali hilo. Kejeli ya malaika na sindano inaonekana katika maandishi ya Waingereza wa karne ya 17, walipokuwa wakiwadhihaki walimu wa zamani. Alilouliza Thomas ni kama malaika wawili wanaweza kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, akajibu la.

CHEO NI CHA NINI?

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliposimama nikafikiri. Kwa nini Mungu awe na malaika wa juu na wa chini? Je, huko nako kuna ubwana na utwana?

Jibu la Thomas lina mambo matatu. La kwanza, malaika wa juu yuko juu ili amwangazie wa chini yake. Anachokiona kwa mara moja, kikubwa na kizima, hukigawa vipande vipande ili mwenzake akielewe. Thomas anatoa mfano wa mwalimu darasani anayelivunja somo gumu kwa ajili ya wanafunzi wake. Nuru haipungui kwa kugawanywa. Basi cheo ni daraja la kupitishia kitu, wala si roshani ya kuchungulia walio chini.

La pili, tazama nani yuko juu ya nani. Makerubi ndio wenye maarifa, lakini Maserafi, wenye upendo, wako juu yao. Na si hivyo tu. Alipouliza ni malaika gani aliyeasi akawa Shetani, Thomas aliona kwamba yafaa kumwita kerubi wala si serafi. Sababu yake? Maarifa yanaweza kukaa pamoja na dhambi kubwa ndani ya moyo mmoja, lakini moto wa upendo hauwezi. Yaani unaweza kujua kila kitu na bado ukaangamia! Na kumbuka, mwenzangu, haya yanasemwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kujua.

La tatu, kazi ya kumlinda kila mtu, awe mfalme au mtoto wa maskini, amepewa malaika wa safu ya tisa, wa mwisho kabisa. Walio chini ndio walio karibu nasi zaidi. Tena Thomas alifundisha kwamba binadamu, kwa neema ya Mungu, wanaweza kupandishwa hata wakalingana na malaika wa safu zote, za juu na za chini. Hakuna aliyeandikiwa kubaki nyuma.

MWISHO WA SAFARI

Thomas alifundisha tena Paris kuanzia 1268 hadi 1272, kisha akarudi Napoli. Tarehe 6 Desemba 1273, baada ya kuadhimisha misa, aliweka kalamu chini. Hakuandika tena. Kitabu kikubwa kilikuwa bado hakijaisha. Reginald, mtawa mwenzake na karani wake, alimsihi sana aendelee. Thomas alimjibu kwamba hawezi, kwa kuwa yote aliyoyaandika sasa aliyaona kama makapi, akilinganisha na yale aliyofunuliwa. Wengine husema alikuwa amechoka na kuugua, wengine husema alijaliwa maono. Pengine ni yote mawili. Hata hivyo, kwa yule aliyewaweka wenye upendo juu ya wenye maarifa, ukimya huo haushangazi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1274 aliitwa na Papa ahudhurie mtaguso wa Lyon, Ufaransa. Akaondoka ingawa afya ilikuwa mbovu. Husimuliwa kwamba njiani aligonga kichwa kwenye tawi la mti. Hali ikazidi kuwa mbaya, akapelekwa katika monasteri ya Fossanova, na huko akaaga dunia tarehe 7 Machi 1274, akiwa hajafikisha miaka 50.

Hata kaburini hakuachwa atulie. Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 7 Machi 1277, Askofu wa Paris alilaani hoja 219, na baadhi yake ziligusa mafundisho ya Thomas, yakiwemo yale ya malaika wasio na mwili. Lakini ukweli hauozi. Mwaka wa 1323 Papa Yohane wa 22 alimtangaza mtakatifu, na mwaka wa 1325 laana ile ikaondolewa kwa upande wa mafundisho yake. Mwaka wa 1567 Papa Pius wa Tano alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, naye anajulikana hadi leo kama Mwalimu wa Kimalaika. Mwaka wa 1880 alifanywa msimamizi wa shule na vyuo vya Kikatoliki. Yule ng'ombe bubu, naam, amelia hadi kwetu.

NENO LANGU

Wenzangu, sisi nasi tuna safu. Kuna viranja, kuna wa kidato cha juu na cha chini, kuna nambari moja na nambari ya mkia kwenye orodha ya matokeo. Hakuna ubaya. Hata malaika wamepangwa. Ila tujiulize: huyu wa juu anamwangazia nani?

Nakiri kwamba mwaka uliopita nilikuwa miongoni mwa waliomcheka mwenzetu mgeni aliposimama mbele ya chama chetu cha Kiswahili, maneno yakamkwama, akaketi. Tulimpa jina, sitalitaja hapa. Hakusimama tena muhula mzima. Nilipokuwa nikisoma habari za Albert na mwanafunzi wake ndipo uso wangu ukawaka moto, na si moto wa Maserafi. Nilimwendea nikamwomba radhi, nikamwomba tena anisaidie kuisahihisha makala hii kabla haijachapishwa. Amepata makosa kumi na manne.

Basi walimu wetu wapenzi na wanafunzi wenzangu, tumtazame upya yule anayeketi kimya nyuma ya darasa. Labda anakusanya pumzi tu kabla ya kulia. Kwaherini hadi toleo lijalo.